Arusi ya Udongo na Majani ya Chai

Mwanafunzi wa Kiswahili hana kazi nyingi katika kamati ya arusi. Mwenzake wa uhasibu hukabidhiwa daftari la michango hata kabla ya kuketi. Wa uhandisi hutumwa kukagua hema, nyaya za umeme na vipaza sauti. Wa uuguzi huulizwa kuhusu sanduku la huduma ya kwanza na chakula cha wazee wenye kisukari. Wa Kiswahili naye, akibahatika, huambiwa atunge shairi la kumsifu bibi arusi, beti zisizidi nne kwa kuwa wageni watakuwa na njaa. Hayo ndiyo makadirio ya jamii kuhusu taaluma yetu, na wengi wetu tumeyapokea kwa unyenyekevu. Makala haya yananuia kueleza jinsi msamiati wa rangi, mada ambayo sisi huipitia mbiombio katika somo la vivumishi, ulivyopata kazi katika arusi ya dada yangu mkubwa; kazi ambayo daftari la michango lisingeiweza.

Sisi ni watu wa Voi, katika Kaunti ya Taita-Taveta. Bwana arusi alitoka Kericho, takriban kilomita 600 kutoka kwetu. Posa ilipokubaliwa na mahari kujadiliwa, kamati iliundwa, na kama ilivyo ada siku hizi, swali la kwanza kuletwa mezani halikuwa la chakula wala la kasisi. Lilikuwa la rangi. Pasipo rangi, tuliambiwa, kadi haziwezi kuchapishwa, mapambo ya hema hayawezi kukodiwa, keki haiwezi kuagizwa na wasimamizi hawawezi kushonewa nguo. Kumbe rangi ya arusi ni kama ngeli: nomino ikishatajwa, kila neno linaloifuata hulazimika kupatana nayo, la sivyo sentensi nzima inachekwa.

Dada alikuwa na jibu tayari. Simu yake ilijaa picha alizozitoa kwenye intaneti: meza ndefu zilizotandikwa vitambaa vyororo, maua yaliyopangwa kana kwamba yamepimwa kwa rula, mabibi arusi waliosimama kando ya maziwa yenye ukungu. Alitaka "pichi" na "tili", na utepe wa "bagandi". Msomaji asiyeyafahamu majina haya asisikitike. Nusu ya kamati pia haikuyafahamu. Pichi ni rangi iliyo baina ya waridi na machungwa. Tili ni buluu iliyoingiliana na kijani. Bagandi ni nyekundu iliyoiva hadi kuukaribia weusi. Mpambaji aliyealikwa mkutanoni akasema kwamba vitambaa vya rangi hizo hasa hupatikana katika duka moja Nairobi, na kwamba ili picha zipendeze, kila jamaa wa karibu angepaswa kununua sare kwa shilingi 4,500, gharama ya ushonaji ikiwa kando.

Hapo ndipo nilipomtazama shangazi yetu. Mama yetu alifariki tungali wadogo, na ni shangazi huyu aliyetulea kwa kuuza mboga sokoni. Hakusema neno. Mkutano ulipokwisha na tukawa tunarudisha viti, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, siku hiyo mimi nitakuwa jikoni. Arusi huhitaji mtu mzima wa kuangalia vyungu."

Nilimwelewa. Jikoni hakuhitaji sare.

Jambo hili lilinitia katika njia panda. Kumwambia dada waziwazi kwamba shangazi hana shilingi 4,500 kungekuwa kumvua shangazi nguo mbele ya watu, naye ni mwanamke aliyetusomesha bila kuomba hata chumvi kwa jirani. Kumchangia kimyakimya pia kulikuwa na hatari, kwani angetambua, na angekataa. Dada naye hakuwa na kiburi. Alikuwa tu na picha kichwani, na picha hiyo ilikuwa imekuja na bei yake. Nilirudi chuoni nikilitafakari suala hili, na wazo likanijia pahali nisipolitarajia: katika kitabu cha sarufi.

Sote tunajua, ingawa ni nadra kuustaajabia ukweli huu, kwamba Kiswahili kina vivumishi vya rangi vitatu tu vinavyochukua viambishi vya upatanisho: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema gauni jeupe, viatu vyeusi, mkoba mwekundu. Rangi nyingine zote hupitia mlango wa a-unganifu: gauni la kijani, viatu vya kahawia, mkoba wa zambarau. Tofauti hii si ya kisarufi tu. Rangi hizi za kundi la pili zilikuwa vitu kabla ya kuwa rangi. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Kahawia ni kahawa. Manjano ni kiungo cha mchuzi kinachotia doa lisilotoka. Zambarau ni tunda linaloacha ulimi wa mtoto ukimshtaki kwa mama yake. Samawati ina mbingu ndani yake, kutoka Kiarabu. Kaki ina vumbi, kutoka Kiajemi kupitia Bara Hindi. Maji ya kunde ni maji yaliyochemshiwa kunde, na ndiyo rangi ya ngozi ya dada yangu. Kwa hiyo, Mswahili anapoitaja rangi, mara nyingi anakutuma uende ukakitazame kitu.

Mwaka 1969 wanazuoni Brent Berlin na Paul Kay walichapisha kitabu kilichodai kwamba lugha za ulimwengu huongeza maneno ya msingi ya rangi kwa utaratibu unaofanana, na kwamba lugha yenye maneno matatu tu ya aina hiyo huwa na neno la weupe, la weusi na la wekundu. Nadharia hiyo imepingwa na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili akiisoma hawezi kukosa kutabasamu, kwani vivumishi vyetu vitatu vimeketi pale pale wanapotajwa. Victor Turner naye, alipoandika kuhusu matambiko ya Wandembu wa Zambia, aliona kwamba nyeupe, nyekundu na nyeusi ndizo zilizobeba maana nzito kuliko rangi nyingine. Rangi hizi tatu, basi, zina mizizi mirefu. Nilizihifadhi akilini, nikijua zitanifaa.

Haki inanilazimu kukiri kwamba Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo. Pichi ni tunda. Tili ni jina la bata mdogo wa majini. Bagandi ni divai ya jimbo moja la Ufaransa. Mtu wa huko akizitaja rangi hizo hutaja bustani yake, bwawa lake na pipa lake la mvinyo. Tatizo halikuwa kwamba rangi za dada zilikuwa mbaya. Tatizo lilikuwa kwamba zilikuwa vitu vya watu wengine. Nani kwetu Voi aliwahi kuchuma pichi? Nani aliwahi kumwona bata yule? Tulikuwa tunakwenda Nairobi kununua kwa bei ghali kumbukumbu ambazo hatukuwa nazo.

Basi katika mkutano uliofuata niliomba muda. Nilisema kwamba kabla kamati haijapitisha rangi, tucheze mchezo mmoja kwa mtindo wa vitendawili. Kanuni zake zilikuwa tatu. Kwanza, usitaje jina la rangi, taja kitu. Pili, kitu hicho kiwe umewahi kukishika kwa mkono wako. Tatu, kiwe kinapatikana kwetu au kwa akina bwana arusi bila ya kukinunua. Atakayeshindwa atoe mji, kama ilivyo desturi. Mweka hazina alitazama saa yake, lakini wazee wakafurahi, na kwa kuwa wazee walifurahi, vijana hawakuwa na la kufanya.

Mchezo ulianza kwa kelele. Mtoto wa binamu yangu aliruka wa kwanza na kusema, "Rangi ya nyanya!" Nyanya yetu aliyekuwa pembeni akainua macho na kuuliza tangu lini yeye amekuwa rangi. Ilinibidi kuamua kwa mujibu wa sheria za lugha: je, ni nyanya huyu au ni nyanya hii? Mtoto akasema ni nyanya hii, ya I-ZI, ya sokoni. Nyanya wa A-WA akaridhika, ila akaongeza kwamba hata yeye, ujanani mwake, alikuwa na rangi ya kupigiwa mfano.

Binamu mwingine akataja chungwa. Mara akapingwa na wauza matunda waliokuwepo: machungwa yetu mengi huiva yakiwa na maganda ya kijani, sasa anataka rangi ipi, ya ganda au ya lugha? Akakosa jibu, akatoa mji. Akatupa Mombasa, nasi tukakaa humo kwa raha zetu. Mjomba aliyewahi kufanya kazi bandarini akasema, "Chai ya mkandaa." Akaeleza kwamba chai isiyo na maziwa huitwa hivyo Pwani kwa sababu wekundu wake unafanana na maji ya magome ya mkandaa, mti wa mikokoni ambao magome yake hutumiwa kutia rangi. Wengine tulikuwa tumeinywa chai hiyo miaka yote bila kujua kwamba tunakunywa sitiari.

Kijana mmoja aliyesoma kamusi kidogo akajitosa na kutaja "damu ya mzee", akikusudia ile bagandi ya dada. Babu yetu akaweka kikombe chini polepole. "Mzee gani?" akauliza. Kijana akaeleza kwamba ni jina tu la nyekundu iliyoiva, limo kamusini. Babu akasema kamusi ni ya vijana, lakini damu ni yake, na kwa kanuni ya pili hakuna aliyewahi kuishika wala atakayeishika. Rangi hiyo ikaondolewa kwa kauli moja.

Bwana arusi, ambaye alikuwa amesafiri na kaka yake kuja kutuona, alipopata zamu yake alisema, "Majani mawili na chipukizi." Akatuonyesha kwa vidole jinsi chai inavyochumwa, na jinsi jani changa lilivyo na kijani chepesi kuliko yale yaliyokomaa chini yake. Alisema ameshika majani hayo tangu alipokuwa mtoto, kwa sababu karo yake ilitoka humo. Ukumbi ukatulia kidogo.

Ikabaki zamu ya shangazi. Alikuwa ameketi karibu na mlango, mahali pa mtu anayejiandaa kwenda jikoni. "Ndovu," akasema.

Watu wakacheka. Mweka hazina, ambaye sasa alikuwa ameusahau muda, akamkumbusha kanuni ya pili: je, shangazi amewahi kumshika ndovu?

"Mimi sijamshika," akajibu. "Yeye ndiye aliyekuja kuyashika mahindi yangu."

Kicheko kilichofuata kilisikika barabarani. Lakini msomaji asiye mwenyeji wa kwetu huenda haelewi jibu hilo lilikuwa na rangi gani. Voi inapakana na Mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948, na udongo wa huko ni mwekundu kwa ajili ya madini ya chuma yaliyo ndani yake. Ndovu wa Tsavo hujirushia vumbi hilo na kugaagaa katika matope yake hadi wao wenyewe huonekana wekundu. Watalii husafiri kutoka mbali kuja kuwaona. Sisi huwaona bila kiingilio, wakati mwingine usiku, shambani. Rangi aliyoitaja shangazi ilikuwa ya udongo unaotuingia viatuni, unaopanda kwenye pindo za sare za shule, unaopaka kuta za nyumba zetu kwa urefu wa goti kila msimu wa mvua. Ilikuwa rangi ambayo yeye aliifua katika nguo zetu kwa miaka kumi na miwili.

Dada alikuwa bado anacheka, kisha akaacha. Akamtazama shangazi kwa muda. Halafu akachukua kalamu, akafuta maneno matatu kwenye daftari lake na kuandika mawili: udongo, chai.

Sitaki kudai kwamba mambo yote yalinyooka hapo. Mpambaji alipinga. Alisema kwamba udongo si rangi bali ni uchafu, na kwamba watu wakiachwa wavae kila mmoja udongo wake, picha zitakuwa kama soko la mitumba. Dada mwenyewe alipatwa na wasiwasi usiku ule. Kwa hiyo siku iliyofuata tulifanya jaribio. Tuliwaomba jamaa walete nguo yoyote waliyo nayo ambayo, kwa maoni yao, ina rangi ya udongo wa kwetu. Tukazitandaza zote kitandani: shati la babu la kahawia, kitenge cha nyanya chenye rangi ya kutu, sweta ya mjomba iliyokolea kama chai yake ya mkandaa, leso za shangazi ambazo wekundu wake ulikuwa umepauka kwa jua. Hapakuwa na nguo mbili zilizofanana, na hapakuwa na nguo hata moja iliyopingana na nyingine. Zilikuwa kama barabara yetu yenyewe, ambayo ni nyekundu asubuhi, ya machungwa adhuhuri, na ya kahawia mvua ikinyesha. Dada akatoa simu na kupiga picha. Aliipenda kuliko zile za ziwa lenye ukungu.

Hili ndilo jambo ninalotaka wanataaluma wenzangu walizingatie. Rangi inayotoka katika kitabu cha sampuli ina alama moja tu; ukiwa kando yake kidogo, umekosea. Rangi inayotoka katika kitu ina ukoo mzima ndani yake, kwa sababu kitu hubadilika kwa jua, kwa maji na kwa umri. Sare ya pichi ingewagawa jamaa zetu makundi mawili: walioweza na wasioweza. Udongo haukuwa na kundi la pili. Kadi ya mwaliko ilisema tu: upande wa bibi arusi tafadhali vaeni rangi ya udongo wa Voi kama mnavyoujua, upande wa bwana arusi vaeni rangi ya chai, jani changa au lililokomaa. Hakuna aliyeulizwa amenunua wapi.

Rangi zilipopatikana, mengine yalikuja kwa kuitana. Wanakamati walikuwa wakitafuta kile walichokiita "thimu", na mmoja wao akaniuliza Kiswahili chake ni nini. Nilimwambia kwamba katika fasihi tuna mada, dhamira na maudhui, na kwamba walimu wetu hutunyima alama tunapozichanganya. Akasema basi tuchukue zote. Nikaona si vibaya. Mada ya arusi ilikuwa safari ya kutoka nyanda kavu hadi milima ya mvua. Dhamira ilikuwa kwamba asibaki mtu jikoni kwa kukosa nguo. Maudhui yakawa ndiyo mapambo, nayo hayakugharimu sana. Wanawake wa Taita ni mahiri wa kusuka vyondo vya mkonge, kwa hiyo kila meza ilipata kiondo badala ya chombo cha kioo, na ndani yake matawi mabichi. Meza hazikupewa nambari bali majina ya vituo vilivyo njiani kutoka Voi hadi Kericho: Mtito Andei, Emali, Nairobi, Naivasha, Nakuru, Molo. Mgeni aliyeketi Emali akitaka kumsalimu rafiki yake aliye Nakuru alisema anasafiri. Wazee walilipenda jambo hili hata zaidi ya chakula. Chai ililetwa na akina bwana arusi, magunia ya kutosha, nayo ilipikwa ya aina mbili: ya maziwa, na ya mkandaa kwa heshima ya mjomba.

Gauni la bibi arusi lilikuwa jeupe. Babu aliuliza kwa nini jeupe, ikiwa sasa tunafuata mambo ya nyumbani. Nikamweleza kwamba mazoea hayo si ya kale sana hata kwa Wazungu. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwaka 1840 alivaa gauni jeupe, na mfano wake ulichangia sana kuieneza desturi hiyo. Kabla ya hapo mabibi arusi wengi wa huko walivaa nguo nzuri waliyokuwa nayo, ya rangi yoyote. Katika nchi kama India na Uchina nyekundu ndiyo iliyopewa heshima ya arusi. Babu akatafakari, kisha akasema kwamba kumbe malkia naye alianza kwa kuvaa kilichompendeza, basi na dada avae.

Ni katika mjadala huo nilipovikumbuka vile vivumishi vitatu. Nilikuwa na safari ya kwenda Mombasa, na nikapitia Mtaa wa Biashara, ambako maduka ya leso yamepangana kama mistari ya ushairi. Niliomba kisutu. Kisutu ni miongoni mwa leso za kale zinazojulikana Pwani, na tangu jadi huhusishwa na arusi. Rangi zake ni tatu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nilipoikunjua pale dukani nilisimama kimya kitambo. Rangi zile zile tatu ambazo sarufi yetu huzipa heshima ya viambishi, ambazo hazihitaji kuazima jina la jani wala la jivu, ndizo walizozichagua mabibi wa Pwani kumfunikia mwari. Sidai kwamba kuna ushahidi wa uhusiano baina ya sarufi na mfumaji; nasema tu kwamba mikono yangu iliuhisi. Sisi si Waswahili wa mwambao kwa ukoo, na nilimuuliza mwenye duka iwapo kuna ubaya watu wa bara kuitumia. Akacheka. Akasema ubaya ni kuinunua na kuifungia sandukuni.

Doti ile nilimpelekea shangazi. Alipoiona aliipapasa kuanzia pindo hadi mji, akaikunja tena, na hakusema tena habari za vyungu.

Siku ya arusi ilikuwa na jua kali na upepo. Bibi arusi alipotoka nyumbani kuelekea garini, wanawake walitandika leso chini ili akanyage, kama ifanywavyo katika arusi nyingi za Kenya. Shangazi alitangulia. Alivaa kipande kimoja cha kisutu, na cha pili akakitandika mwenyewe mlangoni, mbele ya leso zote, juu ya ule udongo. Vigelegele vilipasua mbingu. Upepo nao haukungoja kualikwa; ulileta vumbi, na pindo la gauni jeupe likaanza kupata wekundu. Mpambaji akaja mbio na kitambaa kilicholoweshwa, akihema. Dada akamzuia kwa mkono.

"Liache," akasema. "Ndiyo rangi ya arusi."

Gharama ya arusi haikupungua kila mahali. Nyama ilipanda bei wiki ile ile, mvua iliharibu barabara upande wa Kericho na basi la wageni likachelewa saa tatu, na bado kuna deni dogo la hema ambalo mweka hazina hulitaja kila tukikutana. Mchezo wa maneno hauwezi kununua ng'ombe. Lakini katika picha ya ukoo, ile kubwa iliyotundikwa sebuleni, hakuna aliyekosekana. Shangazi yuko mstari wa mbele, mkono wa kuume wa bibi arusi, mahali ambapo mama yetu angesimama.

Nimeyaandika haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kitaaluma. Majina mengi ya rangi tunayoyafundisha yametoka katika kamusi, ilhali wazee wetu nyumbani, wa Kiswahili na wa lugha zetu nyingine, wana mengine mengi wanayoyatumia kwa ng'ombe, kwa udongo, kwa mawingu na kwa nafaka. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali. Aanze na nyanya yake, nyanya huyu, kisha aendelee na nyanya hii. Ya pili ni ya kijamii. Wengi wetu tutaketi katika kamati za arusi, zetu au za jamaa zetu, na tutaulizwa lile swali la rangi. Tusikimbilie kujibu kwa jina. Tuulize kwanza: ni kitu gani kilichowalea hawa wawili, na nani mwingine ana mkono uliokwisha kukishika? Rangi itajitokeza yenyewe, na huenda kukapatikana mtu aliyekuwa karibu na mlango ambaye ataona kwamba naye ana nguo ya kuvaa. Hapa ndipo ninapotia nanga.